Bulo za Upande wa Kushoto

Émérance Kahindo hakumlilia mume wake, na watu wa Mugunga hawakumsamehe kwa hilo. Siku ya kilio wanawake walikuja na vitenge vyao, wakakaa chini kwenye majani ya migomba, wakaanza kulia kama inavyopasa. Yeye alikuwa akizunguka na sinia la vikombe, akiuliza nani hajapata chai. Padri alipomaliza misa alimshika mkono.

"Mama, ulie. Si dhambi."

"Asante, Padri," akajibu, akaenda kuosha vikombe.

Si kwamba hakumpenda. Waliowajua wawili hao tangu zamani ndio walioshangaa zaidi. Émérance alizaliwa Butembo, katika nyumba ya wafanyabiashara, na Josias Kataliko alikuwa dereva wa malori aliyeleta chumvi na sabuni kwa baba yake. Alimwoa na kumleta Goma mwaka uliofuata mlipuko wa mlima Nyiragongo wa elfu mbili na mbili, wakati mji ulikuwa bado mweusi kama sufuria, moto wa volkano umekata Birere katikati, na waasi wa wakati ule ndio waliokuwa wakikusanya kodi. Walijenga Buhene, juu ya mawe yaliyopoa. Josias aliyavunja mawe hayohayo kwa nyundo akazungushia kiwanja ukuta, kisha akapigilia nyumba ya mbao ndani yake. Humo walimlea binti yao Kasoki, hadi alipoenda kukaa Butembo kwa wajomba zake.

Gari-nyumba ilikuja baadaye. Ilikuwa lori dogo la kale la Ulaya lililojengewa nyumba mgongoni: kitanda, kabati, jiko la gesi, sinki dogo, madirisha yenye mapazia ya maua. Wazungu wawili wazee, mtu na mke wake, walishuka nayo kutoka Uganda wakitaka kuzunguka Afrika nzima. Walipofika Goma mume akaugua moyo, wakapanda ndege, wakawaachia mapadri gari waiuze. Hakuna aliyeitaka. Nani Goma anunue gari isiyobeba hata gunia la kabichi? Injini nayo ilikuwa imekufa. Josias akaichukua kwa bei ya chuma chakavu, akaivuta mpaka Buhene, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa chini yake, mpaka injini ikafufuka. Majirani walimcheka. Émérance naye alicheka, lakini alifua yale mapazia.

Jumamosi moja jioni, Mei ya mwaka elfu mbili na ishirini na moja, anga juu ya Nyiragongo likawa jekundu. Josias alitazama mara moja tu, akawasha gari. Walipakia majirani, watoto, mbuzi wa mtu, wakaondoka. Asubuhi walirudi kuangalia. Palipokuwa na nyumba palikuwa na mawe mapya yanayofuka moshi, na ukuta ulikuwa umemezwa wote. Watu walikuwa wakipiga mayowe huku na huku. Josias alisimama amejishika kiuno.

"Mama Kasoki," akasema, "tuko na nyumba moja imebaki. Na iko na mipira."

Ndivyo walivyohamia ndani ya gari. Waliiegesha Mugunga, upande wa barabara ya Sake, katika kiwanja cha muzee Habarurema. Huyu alikuwa mtu wa Rutshuru, mjane, kwado wa miaka mingi, yaani mtengenezaji wa mipira ya magari. Alimjua Josias kama mteja, akampa kona nyuma ya kibanda chake. Walikusudia kukaa humo kwa muda mfupi tu, mpaka wapate kiwanja.

Mwaka uliofuata vita vikateremka kutoka Bunagana. Mwezi wa kumi Josias alipewa lori la chumvi la kupeleka Kiwanja, mji ulio jirani na Rutshuru. Aliondoka kabla jua halijachomoza. Kesho yake barabara ikafungwa, Rutshuru na Kiwanja zikabadilisha wakubwa, waasi wakaingia, simu zikakatika. Émérance alingoja. Baadaye akaja dereva mwenzake Josias, akasimama mlangoni mwa gari-nyumba, kofia mkononi. Alisema lori limeonekana kando ya barabara, mbele ya Rumangabo. Limeungua. Ndani hamkuwa na mtu, na hakuna aliyejua zaidi.

Émérance alikuwa akisonga foufou. Aliendelea kusonga mpaka ikaiva, akaifunika, akamwambia yule dereva, "Karibu, ule."

Tangu siku ile akawa kama mguu uliokufa ganzi. Unauona ni wako, unaugusa, lakini hausemi kitu. Aliamka, akachota maji, akapika maharagi ya kuuza mbele ya kibanda, akafunga, akalala. Chumvi ikizidi chakulani hakujua mpaka wateja waseme. Kasoki alipiga simu kutoka Butembo akilia, na mama mtu alimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Miaka ikapita hivyo. Tairi ya nyuma upande wa kushoto ikaisha upepo, gari ikainama upande mmoja, na Émérance akazoea kulala kichwa kikiwa upande wa juu. Habarurema alimwambia mara kadhaa, "Mama Kasoki, siku moja tutapandisha huo mupira." Naye akajibu, "Siku moja, Muzee." Hakuna aliyefanya haraka. Gari haikuwa na pa kwenda.

Kisha ikafika Januari ya elfu mbili na ishirini na tano. Mabomu yaliyokuwa yakisikika mbali, nyuma ya milima ya Masisi, yakahamia Sake. Barabara mbele ya kibanda ikajaa watu: magodoro vichwani, sufuria, kuku miguu juu, wazee ndani ya mikokoteni ya mbao. Wote walikuwa wakielekea mjini. Kasoki akapiga simu.

"Mama, toka hapo! Unangoja nini?"

"Nangoja maharagi yaive," akasema Émérance. Hakuwa anafanya mzaha.

Wanaume wa mtaani ndio waliomwamulia. Walisema gari ile inaweza kubeba familia nyingi, haifai kuiacha. Habarurema alikuwa ameenda Birere kutafuta mafuta, nao hawakumngoja. Walichukua kle yake, spana ya magurudumu, wakaitia kwenye ekru, nati inayoshika tairi lile bovu, wakasukuma kuelekea kushoto kama mtu anavyofungua ekru yoyote duniani. Haikusogea. Wakasema ni kutu. Wakachomeka bomba refu mwisho wa kle, wawili wakaning'inia juu yake, na kitu kikalia kama risasi. Ekru ikaanguka ikiwa imeshika kipande cha bulo ndani yake, yaani kile chuma chenye mizingo kinachochomoza kutoka gurudumuni kushika tairi. Wakafurahi, wakadhani moja imefunguka. Wakahamia ya pili. Ilipokatika ya tatu ndipo mmoja alipoinama, akaona visiki vinavyong'aa, akaweka kle chini.

Habarurema alikuta wamekaa wote, hakuna anayemtazama. Aliokota vipande, akavigeuza mkononi. Mwisho wa kila bulo palikuwa na alama ndogo iliyochongwa.

"Hii gari ni ya kale," akasema. "Bulo za upande wa kulia ni za kawaida. Za kushoto ziligeuzwa. Zinafunguka kwa kulia. Nyinyi mulikuwa munakaza."

"Hatukujua, Muzee."

"Ndiyo vile. Ningebaki hapa." Alijipiga paja. "Josias alinionyesha, na mimi sikuambia mutu."

Mmoja akauliza kama haiwezi kwenda na zile tatu zilizobaki. Muzee akatikisa kichwa. Zote tatu zilikuwa zimevutwa na lile bomba, na mzigo wa watu ungezimaliza kabla ya kufika Keshero. "Mupira itawapita njiani," akasema, "muione ikitangulia mbele yenu." Bomu likaanguka mahali, vyombo vikatetemeka kabatini mwa Émérance.

Émérance alinyoosha mkono, akachukua kipande kirefu zaidi, akakifunga kwenye pindo la kitenge. "Nitaenda Birere," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwa mtu kumsikia akisema ataenda mahali. Yeye mwenyewe hakuona ajabu. Kitu kimekatika, kinatafutwa kingine.

Alipanda pikipiki ikafuata msafara wa wakimbizi mpaka mjini. Birere maduka mengi yalikuwa yakifunga, watu wakipakia bidhaa na kubishana kwa sauti. Aliuliza kwa wauza vyuma, mmoja hadi mwingine, wengi hawakutaka hata kutazama. Mwisho wakamwelekeza kwa Mulumeoderhwa, mtu wa Bukavu aliyeuza vipande vya malori yaliyokufa. Huyu alikuwa amekaa juu ya injini, anakula karanga, kana kwamba ni siku kama nyingine.

"Bulo za kushoto!" akasema alipokitazama kile kipande. "Mama, leo batu banatafuta njia, weye unatafuta bulo?"

"Bila bulo hatuna njia."

"Ukweli." Alipekua ndani kabisa, akavuta kitovu cha gurudumu cha lori la kale, kizito, chenye bulo zake zote na ekru zimeshika kutu juu yake. Alifungua ekru moja, akaijaribisha kwenye kile kipande cha bulo cha Émérance: ikaingia kwa kuzunguka kushoto, taratibu. "Ni ndugu zake. Hizi ni ndefu kidogo, lakini hiyo si kitu." Akaanza kuzigonga zitoke, na alipokuwa akigonga akauliza, "Na bwana yako iko wapi, mpaka anakutuma hivi?"

"Alikufa," akasema Émérance.

Alikuwa hajawahi kulitamka. Alikuwa akisema hayupo, au hakurudi, au alienda Kiwanja. Sasa neno lilikuwa limetoka, akasimama kungoja litakalofuata. Halikufuata neno. Mulumeoderhwa alisema, "Pole, mama," akaendelea kugonga. Alimpa bulo sita, zote za kitovu kile, na ekru zake, ingawa aliomba tatu. "Ukibadilisha nusu, nusu ingine itakulaumu," akasema.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Pikipiki iligoma kupita Ndosho kwa sababu ya watu waliokuja kinyume. Akatembea na kile kifurushi cha vyuma kichwani, peke yake akielekea kule kila mtu anakokimbia. Mwanamke mmoja alimshika mkono akamwambia, "Mama, umepotea, mji uko huku." Akamjibu kuwa ameacha gari.

Habarurema alikuwa ameshaanza. Ameinua gari kwa kriki, ameiwekea mawe chini ili isianguke, ametoa tairi na ile ngoma ya breki iliyo nyuma yake. Waliokimbia walikuwa wamekimbia, na wengine walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao kiwanjani, wakingoja. Muzee aligonga visiki kutoka mbele, vikatoka kwa nyuma. Viwili vilitoka kirahisi, cha tatu kiligoma, akakimwagia mafuta ya taa, akakiacha kinywe, akarudi akakipiga tena. Zile nzima tatu nazo akazing'oa. Émérance alikuwa amechuchumaa pembeni na brashi ya waya, anasugua bulo za Mulumeoderhwa mpaka mizingo ikaonekana safi. Mikono ilijua kazi. Kichwani hamkuwa na chochote, hata hofu. Bomu likilia, wengine walilala chini. Yeye alikuwa anaangalia kama kutu imebaki.

"Tia kidole hapa nyuma," akasema Habarurema. "Nafasi ni ndogo, mukono yangu haiingii vizuri. Sukuma bulo ije kwangu."

Akapitisha mkono, akaisukuma. Muzee akavisha kipande cha bomba juu yake, kisha vibati vilivyopakwa mafuta, kisha ekru, akaanza kukaza kuelekea kushoto. Kila alipozungusha, bulo ilivutwa taratibu ndani ya tundu lake, mpaka kichwa chake kikalala sawa upande wa nyuma.

"Imekaa?"

"Imekaa."

Wakafanya hivyo zote. Wakarudisha ngoma, wakavisha tairi jingine, maana lile la zamani lilikuwa limepasuka kwa kulaliwa. Ekru muzee alizikaza kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya huku kisha ya ng'ambo, na alizifuta mafuta yote kwanza. Mwishoni alimpa Émérance kle. "Fanya weye sasa. Mimi ninachoka, na barabarani itakuwa lazima kukaza tena." Akavuta. Ekru haikusogea zaidi. Akamrudishia kle.

Asubuhi waliondoka. Habarurema aliendesha, kwa maana zamani kabla ya mipira aliwahi kuwa dereva. Ndani walijaa watu mpaka juu ya kitanda na chini ya sinki, na gari ilikwenda kwa mwendo wa mtu wa miguu, kwa sababu mbele na nyuma palikuwa na miguu ya watu. Hawakufika mbali, muzee akaegesha pembeni.

"Kuko nini?" wakapiga kelele ndani.

"Ekru."

"Muzee, tufe juu ya ekru?"

"Tutakufa juu ya ekru kama hatukazi," akasema. "Bulo mupya inajitafutia mahali. Mama Kasoki, shuka."

Émérance alishuka, akaweka kle. Ya kwanza ilikubali kidogo, ya pili pia. Alizizungukia zote. Watu walipita wakimtazama, mwanamke mwenye kitenge amepiga goti kando ya barabara anakaza gurudumu wakati milio iko nyuma yake. Kisha akapanda, wakaendelea mpaka Kituku, kando ya ziwa, ambako mtu anayetengeneza mitumbwi aliwapa nafasi ya kuegesha kati ya mbao zake.

Jumatatu mji ukaanguka. Walilala sakafuni mwa gari-nyumba tangu alfajiri, wamebanana kama sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye sinia. Risasi moja ilipita ukutani juu ya kitanda, ikatokea upande wa pili. Mtoto wa jirani alilia, mama yake akamziba mdomo. Habarurema alikuwa akisali kwa Kinyarwanda, chini kwa chini. Émérance alilala macho wazi, akiangalia mwanga mwembamba ulioingia kwenye tundu la risasi na vumbi likicheza ndani yake. Alijua anapaswa kuogopa. Alijaribu hata kuogopa.

Milio ilipokoma walitoka. Siku zilizofuata alisafisha vioo, akaziba tundu, akagawia watu maji ya kuchemsha. Wenye silaha wapya walipita wakitafuta magari, wakafungua mlango, wakaona kitanda, masufuria na muzee Habarurema anayekohoa, wakacheka, wakaenda. Wale waliotoka Mugunga wakarudi kwao kidogo kidogo. Émérance hakurudi. Kiwanja cha Habarurema kilikuwa kimeporwa mipira yote, na muzee mwenyewe alikuwa akilala kwa mpwa wake kule Keshero na kuja Kituku kila asubuhi. Émérance akaanza kununua sambaza kwa wavuvi, akazikaanga, akauza kupitia dirisha lenye mapazia ya maua.

Barabara ya Rutshuru ilikuwa imefunguka sasa, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa mikononi mwa watu walewale. Wanawake wa huko wakaanza kuja Kituku kununua samaki. Mmoja wao alikula sambaza dirishani, akasikia watu wakimtaja Émérance kuwa mjane wa dereva aliyepotea, akauliza alipotelea wapi. Akaambiwa.

"Kule karibu na Rumangabo kuko mama anaitwa Umwiza," akasema. "Alizika dereva mumoja, wakati ule wa vita. Alimuzika kwenye shamba yake. Hajui ni wa nani."

Émérance alikuwa ameshika kijiko cha kukaangia. Sambaza zikaungua. Habarurema akazima jiko.

Walikwenda na gari-nyumba ileile. Muzee alisema kwa basi ni rahisi zaidi, lakini Émérance akasema kama ni yeye, hatamfuata Josias kwa gari ya watu wengine. Walipita Kibumba, mahema ya wakimbizi yamebaki vijiti tu, wakapita magofu, wakapita mashamba ambayo watu walikuwa wakianza kuyalima tena. Kila waliposimama kupumzisha injini, Habarurema alizunguka gari, akagusa ekru kwa vidole. Zilikuwa zimetulia.

Umwiza alikuwa mwanamke mfupi wa umri wa Émérance, ana jembe begani. Aliwakaribisha bila maswali mengi, akawapeleka shambani. Pembeni, karibu na ua wa mimea, palikuwa na kilima kidogo cha udongo kilichozungushiwa mawe, na maharagi yalikuwa yameanza kutambaa juu yake.

"Tulimukuta njiani asubuhi," akasema. "Alikuwa ameshuka kwenye lori, ametembea kidogo, kiisha akaanguka. Bwana yangu alikuwa bado muzima, tulimubeba pamoja. Karatasi hakuwa nayo. Viatu walichukua. Samahani, mama, sijui kama ni wako. Ninakumbuka tu soksi."

"Soksi gani?"

"Moja nyeusi, moja ya kijani."

Émérance akakaa kwenye udongo wa shamba la mtu, mikono magotini.

"Ni mimi nilimupa," akasema. "Kulikuwa giza, courant ya umeme ilikuwa imekatika. Nilitoa kwenye kabati bila kuona. Akaziona akiwa amefika Kibumba, akanipigia simu. Alicheka sana. Akasema, Mama Kasoki, unanituma Kiwanja kama mutu wa circus."

Umwiza akakaa karibu naye. Habarurema alivua kofia, akasimama mbali kidogo. Émérance alitazama kile kilima, akagusa jiwe moja, akalisogeza likae vizuri. Akauliza kama walimlaza kichwa upande wa mlima au upande wa barabara. Umwiza akasema upande wa mlima. Akauliza kama walisali. Umwiza akasema ndiyo, Baba Yetu na Salamu Maria, haraka haraka, maana milio ilikuwa karibu. Akauliza kama walimfunika na kitu. Umwiza akasema kwa shuka, shuka yake ya harusi, kwa kuwa nyingine hakuwa nayo.

"Asante," akasema Émérance.

Kisha akasema ana njaa. Umwiza akaleta viazi vitamu na maharagi, wakala palepale. Émérance alitafuna polepole, akaacha kutafuna, akatafuna tena. Maharagi yalikuwa yamewekwa kitunguu na mawese, na alivisikia vyote viwili. Akaomba aongezewe. Akaongezewa, akaomba tena, na Umwiza akachukua sufuria yote akaiweka mbele yake.

Alimpigia Kasoki. Mtandao ulikuwa ukikatika. "Nimemuona papa yako," akasema. Upande wa pili Kasoki alianza kulia, na mama akakaa na simu sikioni, anamsikia, haharakishi kumnyamazisha. Mwishoni akamweleza habari za soksi. Ikaja sauti ambayo hakujua ni kilio au kicheko, kisha simu ikakatika.

Jua lilikuwa bado juu. Umwiza alisimama, akasema anataka kumaliza kupalilia mstari ule kabla mvua haijaja, wao wapumzike.

"Kuko jembe ingine?" Émérance akauliza.

Kulikuwa na moja nyumbani, mpini wake umelegea. Habarurema akaukaza kwa kabari ya mti. Wanawake wawili wakaanza upande wa kaburi, wakashuka pamoja, mmoja kwenye mstari huu na mwingine kwenye ule, wakizungumza kidogo: mbegu za mwaka huu, bei ya mawese, bwana wa Umwiza aliyefariki kwa ugonjwa mwaka jana. Muzee alilala kivulini mwa gari.

Hivi sasa Émérance yuko Kituku bado, anauza sambaza. Msalaba wa mbao wenye jina la Josias umesimama shambani kwa Umwiza, na wakati wa kupanda na wa kupalilia huwa anapanda Rumangabo, anakaa huko siku chache, anarudi na majani ya maharagi. Kasoki hajafika kaburini. Barabara ya Butembo imefungwa mbele ya Kanyabayonga, na hakuna anayejua itafunguka lini.